Kiti cha Katikati

Pale kazini kwetu kuna ubishi usioisha. Nauli ikipanda kidogo tu, mmoja anaanza: heri baiskeli. Mwingine anasema heri miguu, Mungu alitupa ya bure. Wa tatu, ambaye amenona na hataki kusikia habari ya kutembea, anasema mtu mzima apande basi aache utoto. Ni hardware moja katika mji wa Kericho, tunauza misumari, mabati, rangi na nyaya. Alasiri mvua ikishuka, nayo hushuka karibu kila alasiri, wateja hawaji na sisi tunabaki kupigizana kelele. Mimi hunyamaza. Si kwamba sina maneno. Ninayo mengi, mke wangu atawaambia. Ni kwamba wao hubishana kwa mdomo, na mimi hizo njia zote tatu nimezipitia kwa mwili huu, katika msimu mmoja, na aliyenipitisha huko ni mama mkwe wangu.

Nyumbani ni upande wa Kabianga, kwenye mlima ambao basi huupanda kwa gia ya chini kabisa. Kutoka hapo mpaka mjini, ukiwa ndani ya basi, mahubiri ya redio yanaisha na matangazo ya vifo yanaanza. Kwa baiskeli ni jasho. Kwa miguu unakata ndani ya mashamba ya chai ya kampuni, unashuka mpaka mtoni, unapanda tena, na unafika mjini ukiwa na njaa ya pili. Boda nitaifikia, msiniharakishe.

Mwaka huo mke wangu alikuwa amelazwa hospitalini mjini. Tulikuwa tumeshapoteza mimba mbili. Hii ya tatu, daktari alipoipima alisema hakuna cha kujadili, mama alale hapa hapa mpaka mtoto akomae, na asishuke kitandani ovyo. Sitajifanya mwanaume wa chuma. Niliogopa. Kila simu ilipolia kazini niliangusha nilichoshika, hata kama ni mtu anauliza bei ya bawaba. Nyumba nayo ilikuwa imepoa hadi nikawa naongea na ng'ombe.

Chakula cha hospitali hakikumpita kooni. Alitaka uji wa wimbi uliopikwa na mama yake, na mursik, maziwa yetu ya mgando, ya kibuyu cha mama yake, si ya mtu mwingine. Kwa hivyo mama mkwe, mjane ambaye boma lake liko steji moja nyuma ya yangu, akaanza kwenda mjini kila asubuhi na kikapu chake, thermos ndani na kibuyu juu. Mimi nami nilikuwa naenda mjini kila asubuhi. Basi la saa hiyo ni moja tu. Hapo ndipo shida ilipozaliwa.

Kwetu Wakipsigis, mwanaume na mama ya mke wake huheshimiana kwa umbali. Hampeani mkono. Hamketi bega kwa bega. Mkikutana njiani, mmoja anapisha kando, mnasalimiana mkiangalia pengine. Jina lake hulitaji, hata ukiota. Vijana wa siku hizi wamelegeza mambo. Nimeona kwa macho yangu, kanisani, mtu akimkumbatia mama mkwe mchana kweupe, na paa la kanisa halikuanguka. Lakini mama mkwe wangu si wa kulegeza, na mimi sikulelewa hivyo. Miaka yote ya ndoa yetu sikuwa hata na neno la kumwitia. Nilikuwa nakohoa kwanza, ndipo naongea.

Siku ya kwanza nilipanda basi, nikaangalia, na nafasi zilizobaki zilikuwa kwenye kile kiti cha watu watatu. Dirishani ameketi nani? Yeye mwenyewe, kikapu mapajani. Alipoona ni mimi alijibana kwenye kioo hadi nikamwonea huruma. Mimi nikaketi pembeni kabisa, nusu ya makalio ndani, nusu kwenye njia. Katikati yetu pakabaki uwanja wa kuchezea mpira.

Kondakta wa basi hilo ni mtu wa kutoka Chepilat, kule mpakani na Kisii, mkubwa wa sauti, na mambo ya watu hayamhusu mpaka yamguse mfukoni.

"Hapo katikati ni kwa nani?" aliuliza.

Yeye akaangalia nje dirishani, mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Ninauliza, hapo katikati ni kwa nani? Mzee, songa ndani!"

Nyuma walioelewa wakaanza kucheka. Mwanamke mmoja akasema kwa Kipsigis, huyo hawezi, huyo ni mkwe. Kondakta akasema mambo ya ukwe yaachwe nyumbani, basi ni basi. Nikasimama, nikamwambia aweke mtu mwingine hapo kwangu. Sasa kusimama nako hakutakiwi, polisi walikuwa mbele kidogo, na akaanza kunipigia kelele niketi au nishuke. Ai, hasira zilinipanda! Nikashuka. Nikatembea kilichobaki kwa viatu vya kazi, na nilipofika mdosi alikuwa ameshafungua duka yeye mwenyewe, jambo asilolipenda na analojua kulionyesha.

Jioni hiyo nikaamua. Yule mama ana goti bovu. Lilivunjwa na boda, ilimwangusha kwenye barabara ya marram siku ya soko, na tangu hapo aliapa mbele ya kanisa zima kwamba kitu cha magurudumu mawili hatakipanda tena maishani. Kwa hivyo kati yetu, mwenye haki ya basi ni yeye. Mimi nina baiskeli ya marehemu baba. Nikaishusha kutoka darini, nikatia mafuta cheni, nikaziba pancha, nikasema kwisha, nimemwachia basi lake.

Nianze na uzuri wake. Ukitoka mapema kwa baiskeli, ukungu bado umelala juu ya chai, na ule mteremko wa kwanza unakupokea kama mtoto anayeteleza kwa gome la mgomba. Hakuna wa kukuuliza songa. Unapiga mluzi. Unajihisi kijana. Halafu mteremko unakwisha, na kila mteremko wa Kericho una mlima wake unaoungoja upande wa pili, haki ya Mungu sijawahi kuona nchi ya namna hiyo. Unashuka, unasukuma. Mbwa wa boma moja pale kwenye kona walinijua hadi wakawa wananingoja. Na jioni mvua ya mawe! Mawe yanakugonga kwenye kisogo kana kwamba umeiba kitu cha mtu. Nilikuwa nafika hospitalini saa ya chakula cha mchana nikinuka jasho la asubuhi, na mke wangu anacheka, anashika tumbo, ananiambia niache kumchekesha, daktari amekataza.

"Mama amefika leo?" nilikuwa nauliza.

"Amefika. Ameleta uji."

"Alikuja salama?"

"Si alikuja na basi."

Nami nafurahi moyoni. Nasema angalau mateso yangu yana faida kwa mtu.

Wiki zikaenda hivyo. Tumbo la mke wangu likakua, na uso wake ukarudi. Mimi nikakonda, suruali ikawa inashikwa na mshipi peke yake.

Halafu siku moja, mvua ikinyesha, nani anaingia dukani kutafuta bolti? Kondakta. Ananiona nyuma ya kaunta, anaanza.

"Nyinyi watu nimewakosea nini? Mmenihama."

"Nyinyi nani?"

"Wewe na yule mama wa kibuyu. Tangu siku ile ya kelele hamjapanda gari yangu. Nilisema vibaya, sawa, nisameheni. Lakini basi kumbe mnapanda gari gani?"

Nilishika kaunta. "Yule mama hapandi kwako?"

"Tangu siku ile."

Alichukua bolti zake akaenda, na mimi nikabaki nimesimama pale kama mti. Hana jamaa mwenye gari. Basi lingine la saa hiyo hakuna. Boda alishaapia. Hesabu hiyo hata ng'ombe wangu angeifanya. Mama mwenye goti bovu, na kikapu, na thermos, kila siku ya Mungu, alikuwa anakwenda mjini kwa miguu. Na aliyemshusha kwenye basi ni mimi na ile nusu ya makalio yangu. Nilisikia aibu, na juu ya aibu nikasikia hasira. Kwa nini hakusema? Nikajijibu: angemwambia nani? Mimi?

Asubuhi iliyofuata sikupita barabarani. Nilitoka bado giza halijaisha, nikashika ile njia ya mkato ndani ya chai, nikisukuma baiskeli. Huko haiendesheki, njia ni nyembamba na udongo unanata. Nilikuwa sijaipita kwa miguu tangu nimalize shule. Huko chini ya mikaratusi hewa ni baridi na inanukia dawa ya kikohozi. Wachumaji walikuwa wanaingia mashambani na aproni zao za nailoni, na kila mmoja alinisalimu, maana anayetembea kwa miguu ni mtu wa kusalimiwa. Nikamwuliza mmoja kama amemwona mama fulani na kikapu. Akasema, "Yule wa kila siku? Amepita. Leo anachechemea sana."

Nilimkuta mtoni, kabla ya daraja la magogo. Ameketi juu ya jiwe, kiatu kimoja amevua, goti amelifunga leso na limevimba hivi. Aliponiona alishtuka, akataka kusimama apishe. Nikasimama mbali. Nikageuka nikaangalia chai, yeye akaangalia maji.

Nikakohoa.

"Mbona hupandi basi?" niliiuliza chai.

"Wewe ni mtu wa kazi," aliyajibu maji. "Nilisema ukifika kila siku umechelewa watakufukuza, na mtoto anakuja. Nikakuachia basi."

"Lakini na mimi nilikuachia! Ninaendesha hii baiskeli tangu siku ile!"

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia miaka yote hiyo. Alikuwa anacheka. Anacheka hadi kikapu kinatikisika.

"Haiya! Kwa hivyo basi tumemwachia nani?"

Na mimi nikacheka, mgongo nimempa, machozi yananitoka. Hapo ndipo simu ikalia.

Ilikuwa ni mke wangu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Presha imepanda usiku, alisema, daktari amekuja, wanasema hawangoji tena, mtoto anatolewa leo asubuhi kwa upasuaji. "Mama hajafika," alisema. "Kila siku saa hii amefika. Nimewaambia siingii thieta kabla mama hajaniombea. Wananiambia wanaweza kungoja kidogo tu. Uko wapi? Mama yuko wapi?"

Nikamwambia tunakuja. Sikumwambia tuko chini bondeni, barabara iko juu kule, na basi limeshapita.

Mama mkwe alikuwa amesikia. Alivaa kiatu, akasimama, akapiga hatua, goti likakataa. Akapiga nyingine, akashika mti. Ningekuwa naweza kumshika mkono ningemshika, lakini hata wakati huo mkono wangu ulikataa kwenda. Nilichoweza kushika ni baiskeli, nikaisogeza karibu yake.

Aliiangalia keria ya nyuma kama mtu anayeangalia nyoka.

"Niliapa," alisema.

"Uliapia kitu kinachoendeshwa. Hii sitaiendesha. Nitasukuma tu, ni kama toroli."

Akafikiri. Akasema, "Toroli sikuiapia." Akapanda kwenye lile jiwe, akaketi keria upande upande, kibuyu amekitundika shingoni, mkono mmoja ameshika kiti na mwingine kikapu. Nikavuka magogo nimeshikilia usukani, sipumui. Kisha tukaanza ule mlima.

Mlima ule sitausahau. Miguu yangu ilikuwa inateleza, moyo unapiga masikioni, na kila nikitazama juu naona chai, na juu ya chai naona chai tena. Wachumaji waliacha kazi wakatuangalia. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, bibi arusi huyo unampeleka wapi?" Wenzake wakaangua kicheko. Siku nyingine ardhi ingenimeza. Yule mama alijibu bila kugeuka, kwa sauti ya kanisani, "Ananipeleka kwa mtoto wangu anapasuliwa! Ombeni badala ya kucheka!" Wakanyamaza. Wawili wakaweka vikapu chini, wakaja nyuma ya baiskeli wakasukuma na sisi mpaka juu.

Huko juu tukatoka kwenye lami. Mji unauona pale ng'ambo, mabati yanang'aa, lakini kwanza barabara inashuka mteremko mrefu. Nikaendelea kusukuma kwa mguu, nikijizuia nisikimbie. Magari yanatupita. Simu ikalia tena mfukoni na sikuweza kuishika.

"Hivi tutafika kesho," mama mkwe alisema.

Nikafuta jasho kwa mkono wa koti.

"Panda, uendeshe."

"Nikiendesha itabidi unishike," nilisema. "Na uliapa."

Alikipakata kikapu vizuri. Kisha akasema, "Mungu nitaongea naye mwenyewe. Na hiyo heshima tutairudia kesho. Panda!"

Nikapanda. Nikahisi mkono wake ukishika koti langu mgongoni, kwa kidole na kidole kwanza, kama mtu anayeokota miiba. Tulipoanza kushika mwendo ukawa mkono mzima. Tulipofika katikati ya mteremko alikuwa amenikumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote, kibuyu kinanigonga mgongoni, na anaomba kwa sauti, sijui kama ni maombi ya mke wangu au ya breki. Breki zenyewe zilikuwa za baba. Nilikuwa naomba vilevile.

Tuliingia wodini na matope hadi magotini. Mke wangu alikuwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, nesi amesimama kando anaangalia saa. Alituangalia, mmoja na mwingine.

"Mmekuja na nini?" aliuliza.

"Basi," tulisema wote wawili kwa pamoja.

Mama yake alimwekea mikono kichwani. Hakuomba kirefu, nesi hangemruhusu. Wakamsukuma wakaenda naye. Tukabaki kwenye ile korido, yeye kwenye benchi la upande huu, mimi kwenye benchi la upande ule, tunaangalia mlango mmoja. Alifungua thermos, akamimina uji kwenye kikombe, akakiweka sakafuni katikati ya korido, akarudi kuketi. Nikaenda nikakichukua. Ulikuwa bado moto. Nilikunywa huku nalia, na sikujali nani ananiona.

Mtoto alitoka akiwa mdogo sana, sauti yake kama ya paka aliyefungiwa stoo. Msichana. Wakampeleka nasari ya watoto wachanga, wakamweka kwenye joto, na tukarudi kwenye kungoja. Lakini sasa nilikuwa nimepiga simu kwa kondakta, nikamweleza, na akasema yule mama atakaa kiti cha mbele na dereva hadi mtoto atoke, na atakayebisha ashuke. Mimi nikabaki na baiskeli yangu na mbwa wa kwenye kona.

Siku ya kuruhusiwa nilitaka kukodi gari ndogo. Mke wangu akakataa. Alisema amesikia habari ya hilo basi hadi anataka kuliona, na dereva alishampigia simu mama yake kwamba ataendesha polepole. Wakampa yeye kiti cha mbele, kwa sababu ya kidonda, mahali ambapo gari haliruki sana. Mtoto akapewa nyanyake ambebe. Na nafasi iliyobaki nyuma ilikuwa ipi? Kile kile kiti cha watu watatu.

Mama mkwe aliingia, akaketi dirishani. Nilisimama kwenye njia, nimeshika begi, nikaangalia huku na huku kama mwizi. Yeye akachukua blanketi, akalikunja mara nyingi, akalitandika pale katikati, akamlaza mtoto juu yake, akaweka mkono upande mmoja.

"Keti, baba ya mtoto," alisema. "Shika huko kwako."

Hakuwahi kuniita kitu chochote. Nikaketi, makalio yote. Nikaweka mkono upande wangu. Basi likaanza kutoka stendi, likapita lile tuta la kwanza, na nikaona kichwa cha mtoto kinacheza.

"Kogo, mshike kichwa," nilisema. Kogo kwetu ni nyanya. Lilitoka lenyewe, bila kukohoa.

"Nimemshika," alijibu.

Kondakta alikuja akikusanya nauli, kiti kwa kiti, hadi akafika kwetu. Alituangalia, mimi huku, mama kule. Mtoto alikuwa amefunikwa hadi pua, na kutoka pale alipo hakuona ila blanketi.

"Na hapo katikati ni kwa nani?" aliuliza.

Yule mama akafunua blanketi kidogo.

"Kuna mtu," alisema. "Humwoni?"